Chasisi ya faiba: tuulize kwanza nyuzi zimelazwa vipi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu vijana wa hapa Pwani wanaounda chasisi za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya maji inayokauka iitwayo rezini, kwa ajili ya tuktuk na vigari vya mizigo vya betri. Niliisoma kwa furaha, kwa kuwa kazi hiyo ndiyo yangu: nimeunda na kukarabati mashua za faiba hapa Malindi kwa miaka 22, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikiunda vigari vya magurudumu matatu vya kubebea samaki kutoka ufuoni hadi sokoni. Hata hivyo mwandishi wenu alisema kwamba faiba ni ngumu kuliko chuma na akaishia hapo. Neno hilo lisiporekebishwa, mtu ataamini kwamba akishanunua chasisi ya faiba amekwisha kununua usalama, na sivyo.

Sababu ya kuitafuta faiba ni ya kweli kabisa. Kila mwenye tuktuk mjini Malindi anajua kwamba chasisi ya chuma huku haifi kwa uzee, huliwa na chumvi. Kigari cha samaki kinateseka zaidi, kwa sababu maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi hutiririka mchana kutwa juu ya mihimili, yakaingia kwenye maungio ya weldi, na kutu huanzia ndani ambako jicho halifiki. Nimewahi kumfungulia mvuvi mmoja mhimili uliopakwa rangi vizuri kwa nje, nikatoboa kwa bisibisi bila kutumia nyundo. Faiba haina ugonjwa huo.

Ina magonjwa yake, na mengi huletwa na sisi mafundi. Tuanze na huo ugumu. Uzi wa kioo ukiuvuta peke yake hustahimili kuliko waya wa chuma cha kawaida wa unene uo huo, na hapo makala ilisema kweli. Lakini kutokatika ni jambo moja na kukataa kupinda ni jambo jingine, na chasisi hutaka yote mawili. Ukakamavu, yaani huko kukataa kupinda, hupimwa kwa kipimo kiitwacho gigapaskali, na namba ikiwa kubwa kitu hupinda kwa shida zaidi. Chuma kina takriban 205, aluminiamu 70, na uzi wa kioo ukiwa mtupu 72. Ukishazitia nyuzi rezini na kuzilaza zote upande mmoja unapata kama 40 kwa upande huo, na ukipima kwa kukata nyuzi, yaani kwa kukingamana nazo, unapata 10 au pungufu. Ukizigawa sawasawa pande zote unapata karibu 20. Ama mati, ule mkeka wa nyuzi fupi zilizotawanywa ambao karakana nyingi huupenda kwa kuwa ni rahisi na hulala vizuri kwenye kona, hutoa 7 au 8 tu.

Basi faida yetu inatoka wapi? Inatoka kwenye wepesi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850, na ya kioo kilichotiwa rezini ipasavyo ni kilo 1,900 hivi. Kwa uzito ule ule unaweza kutengeneza ubao wa faiba wenye unene wa mara nne ya bati la chuma, na kwa vile ukakamavu wa ubao hukua kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, ubao huo utakataa kupinda mara sita au saba kuliko bati hilo. Anayefuata umbo, unene na kina cha mhimili atafaulu. Anayechukua vipimo vya chasisi ya chuma na kuvinakili kwa faiba milimita kwa milimita ataunda kitu kinachonesa kama chaga ya kitanda kikuukuu, hata akitumia rezini ya bei gani.

Baada ya umbo kuna mwelekeo wa nyuzi, na hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame nami kidogo. Achukue leso aivute kwa urefu wake: haiendi popote. Aivute kwa mshazari, kona kwa kona: itanyooka na kusinyaa katikati. Kitambaa ni kile kile na mikono ni ile ile, lakini safari ya pili uzi hauko katika njia ya mvuto. Faiba hufuata sheria hiyo hiyo. Mhimili wa gari unapobeba mzigo, upande wake wa juu husukumwa na wa chini huvutwa, kwa hiyo pande hizo mbili zinataka nyuzi nyingi zinazofuata urefu wa gari. Kuta zake za ubavuni zina kazi nyingine, kwa sababu gurudumu moja likipanda tuta na jingine likiwa chini, mhimili hunyongwa kama nguo inayokamuliwa, na kinachozuia mnyongo huo ni nyuzi za mshazari, nusu kulia na nusu kushoto, katika kasha lililofungika pande zote nne. Mhimili ulioachwa wazi upande mmoja kama mfereji hunyongeka kwa urahisi mno, na hakuna wingi wa nyuzi utakaouokoa.

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifundisha kilichobaki. Mwaka jana nilikuwa ninaunda sakafu ya kigari, ubao wa urefu wa mita mbili unaofunga mihimili pamoja. Nilitumia kitambaa cha mshazari kilichoshonwa, ambacho nyuzi za uso wake wa juu huelekea kulia na za chini huelekea kushoto. Nililaza vitambaa viwili, kwa hiyo matabaka manne ya nyuzi. Nilikuwa ninajua kanuni ya kioo cha kujitazamia, kwamba matabaka yaliyo juu ya katikati ya unene lazima yajirudie chini yake kwa kinyume, kama uso na taswira yake, na kwa kuitii kanuni hiyo kitambaa cha pili nilikipindua tumbo juu kabla ya kukilaza. Nilipitisha rola vizuri, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nilipoufungua kutoka kwenye kalibu na kuuweka sakafuni, ubao ule ulikaa kwa pembe mbili tu. Pembe nyingine mbili zilikuwa zimenyanyuka kwa upana wa kidole.

Nilidhani nimezidisha hadina, ile dawa ya kugandisha rezini, kwa sababu joto letu la Februari huharakisha rezini mno. Nikaunda wa pili alfajiri kabla jua halijapanda, hadina nikiipima kwa mizani. Ukatoka umenyanyuka pembe zile zile mbili, kwa kipimo kile kile. Hapo nilijua kwamba si joto wala si bahati, kwa sababu bahati mbaya haichagui pembe zile zile mara mbili.

Nilikata kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakiweka juu ya jiko la makaa nje ya karakana na kukaa upande unakotoka upepo, kwani moshi wa poliesta, rezini tunayoitumia, ni sumu. Rezini iliungua yote kwa moshi mweusi na kubaki nyuzi nyeupe, laini, zimepangana kama kurasa. Nilizifunua moja moja kwa ncha ya kisu. Kulia. Kushoto. Kulia. Kushoto. Nilitarajia kulia, kushoto, kushoto, kulia, na nikabaki nimeshangaa kwa sababu nilikumbuka waziwazi kwamba kitambaa cha pili nilikigeuza.

Binti yangu, aliye kidato cha tatu, alichukua mtandio mwepesi na kuchora kwa chaki mstari wa mshazari juu na mwingine wa kinyume chini, kisha akaupindua mbele yangu. "Tazama, baba," akaniambia, "ukiupindua, mstari wa chini unakuja juu, lakini na wenyewe unageuka upande. Kulia kunabaki juu vile vile." Ilikuwa kweli. Kukipindua kitambaa cha namna ile tumbo juu hakubadilishi kitu. Kinachobadilisha ni kukizungusha robo mzunguko palepale kilipolala bila kukipindua, na ndipo kushoto huja juu. Ubao wa tatu niliulaza hivyo, na uliotoka ulitulia kwenye meza pembe zote nne.

Nimelisimulia hili kwa urefu, Mhariri, kwa sababu nina hakika si mimi peke yangu niliyelifanya, na kwa sababu fundi mwenye haraka angeuvuta ubao ule kwa bolti mpaka ulale, akaupaka rangi, akauza. Mnunuzi asingeona chochote. Lakini ubao uliolazimishwa kwa bolti huishi ukivutana na mihimili siku zote, hubana gurudumu moja na kulipunguzia jingine mzigo, na nyufa huanzia kwenye matundu ya bolti. Chanzo cha mpindo wenyewe ni chepesi kueleza: poliesta inapokauka hupungua ujazo wake kwa asilimia 5 hadi 8, na kupungua huko huzuiwa na uzi kwa urefu wake ila hakuzuiwi kwa kukata uzi, kwa hiyo kila tabaka hutaka kusinyaa kwa njia yake. Matabaka yakiwa yamelingana juu na chini, mivutano hiyo hukutana katikati na kufutana. Yasipolingana, ubao mzima hufuata wenye nguvu. Asiyeamini alaze matabaka mawili tu membamba, moja kwa urefu na moja kwa kukata, aone jinsi yanavyojikunja kama kigae, na akikibonyeza kigae hicho kitaruka na kujikunja upande mwingine.

Kulingana juu na chini si sawa na kuwa na mizani, na haya mawili huchanganywa hata na watu waliosoma. Mizani maana yake kila tabaka la mshazari wa kulia liwe na mwenzake wa kushoto, wa unene sawa, popote alipo. Ubao wangu mbovu ulikuwa na mizani kamili, kulia mbili na kushoto mbili, lakini haukulingana. Kinyume chake, mtu anaweza kulaza kulia, urefu, urefu, kulia: huo unalingana kabisa na kamwe hautajikunja kwenye kalibu, ila hauna mizani, na ukiuvuta utakwenda tenge. Aliyewahi kuwamba kitanda cha kamba anaelewa. Ukikaza kamba za mshazari wa upande mmoja na kuzilegeza za upande wa pili, mifumbati na vitakizo havivunjiki, lakini kitanda hakikai tena mraba. Kwenye gari tenge hiyo hutokea dereva anaposhika breki, maana mhimili unaosukumwa kwa urefu huamua kwenda pembeni, na dereva hudhani kasoro iko kwenye usukani.

Kuna mengine ambayo mafundi wa kazi hii duniani wamekubaliana kwa uzoefu, nami nimeyaona kuwa kweli. Usirundike matabaka mengi ya mwelekeo mmoja pamoja, manne yakizidi huanza kupasuka kati yao. Hata kwenye mhimili unaotaka nyuzi za urefu, acha walau sehemu moja ya kumi kwa kila mwelekeo mwingine, kwani siku moja nguvu itakuja kutoka usikokutazamia. Tabaka la nje kabisa liwe la mshazari, ili jiwe linaporuka lisikate nyuzi zinazobeba mzigo.

Matundu yanastahili maneno zaidi. Bolti kwenye chuma inaweza kukaa karibu na ukingo, na tundu likizidiwa chuma hutanuka kidogo na kutoa onyo. Faiba haitanuki, hukatika. Tundu lisogee kutoka ukingoni kwa mara tatu ya kipenyo cha bolti, na mahali pale nyuzi zigawanywe pande zote, matabaka yaongezwe kidogo kidogo kama ngazi, na ndani kusiwe na povu lililoganda la kujazia wala mbao laini ya balsa bali kitu kigumu kisichobonyea. Waingereza walijifunza hili kwa gharama. Gari la Lotus Elite, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1957, lilikuwa la faiba mwili na chasisi kwa pamoja, na sifa yake mbaya ilikuwa kwamba sehemu zilizoshikilia springi na difu zilichomoka kwenye faiba. Ndege na mashua nyingi zimekwisha kutufunza somo hilo hilo: ubao wenyewe hudumu, maungio ndiyo huua. Makala yenu ilitoa mfano wa Chevrolet Corvette ya mwaka 1953, na ni kweli mwili wake ulikuwa wa faiba, lakini ulikaa juu ya chasisi ya chuma. Haufai kuwa ushahidi wa chasisi.

Wateja huniuliza kwa nini nisitumie kaboni, kwa kuwa wameona magari ya mashindano. Kaboni ya kawaida ina ukakamavu wa takriban gigapaskali 230 na ni nyepesi kuliko kioo, na tangu timu ya McLaren walipolileta gari lao la kaboni katika mashindano ya Formula 1 mwaka 1981, likamtoa dereva wao John Watson akiwa mzima katika ajali kubwa ya Monza, Italia, mwaka huo huo, hakuna anayeshuku uwezo wake. Lakini hapa kwetu ina adui mmoja ambaye haonekani kwenye picha za magazeti. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na aluminiamu au chuma mahali penye maji ya chumvi, hugeuka kuwa kama betri ndogo inayomla mwenzake. Bolti zitakwisha upesi kuliko ambavyo zingekwisha kwenye chasisi ya chuma tuliyoikimbia. Anayeitumia lazima aitenge na metali kwa tabaka la kioo na atumie bolti zinazostahimili jambo hilo, na gharama inapanda tena juu ya gharama.

Kuna na hili ambalo nimeliona kwa macho yangu kwenye kigari kilicholetwa kwangu kutengenezwa, ambacho sitataja kilitoka wapi: mihimili ya kioo iliyobandikwa ukanda wa kaboni upande wa juu tu, kwa ajili ya kupendeza. Ukanda huo ulikuwa umevunja kulingana kote kwa mhimili. Zaidi ya hayo, kwa ukaidi wake kaboni huchukua mzigo kabla ya kioo na hukatika ikirefuka kama asilimia 1.5 tu, wakati kioo kilicho chini yake bado kina nafasi. Ulikuwa umepasuka mahali pawili. Niliuondoa wote.

Mkonge wetu wa Vipingo unatajwa pia, na ningependa sana uzi wa nyumbani upate kazi. Kwa vifuniko, masanduku na paneli za ubavuni unafaa. Kwa mhimili unaobeba watu haufai, kwa sababu hunywa maji na ukakamavu wake ni sehemu ndogo ya ule wa kioo. Na rangi nyeusi, ambayo vijana wanaipenda, naisihi iachwe. Poliesta nyingi za kawaida huanza kulegea zikifika nyuzijoto 60 au 70, na uso mweusi uliosimama juani Malindi mchana wa kaskazi hukaribia hapo bila kubeba mzigo wowote.

Ombi langu kwa wakaguzi wa magari, na kwa vyuo vya ufundi vinavyowaandaa vijana hawa, ni kwamba chasisi ya faiba isikubaliwe kubeba abiria kwa kutazamwa na kupigwa picha tu. Kila moja ije na karatasi inayoonyesha matabaka yake kutoka juu hadi chini: aina ya uzi, mwelekeo, uzito wa kitambaa kwa mita ya mraba, rezini, na tarehe. Ije pia na kipande kilichomwagwa siku hiyo hiyo kwa mpangilio huo huo, ili mkaguzi akipime, akichome na kuhesabu matabaka mwenyewe. Kipande kikipimwa kabla na baada ya kuchomwa, kiasi cha nyuzi kinajulikana bila ubishi: ikiwa kilichobaki ni chini ya nusu ya uzito pale palipoandikwa vitambaa vya kushonwa, fundi alimwaga rezini kufunika uvivu. Baadaye, barabarani, mwenye kigari anaweza kugonga mihimili yake kwa sarafu ya shilingi 20 kila mwezi, taratibu, kutoka mwisho hadi mwisho. Penye uzima mlio huwa mkavu na mkali. Panapoitika kwa sauti nzito, iliyofifia, matabaka yameachana, na kigari kisitoke siku hiyo.

Ninaambatisha mchoro wa matabaka ya mhimili na sakafu ninayotumia sasa, pamoja na picha ya kile kipande kilichoungua chenye kulia, kushoto, kulia, kushoto. Ukipata nafasi, Mhariri, chapisha vyote viwili bega kwa bega, na chini ya picha uandike kwamba kitambaa cha mshazari kilichoshonwa huzungushwa robo, hakipinduliwi.

Wako mtiifu,
Fundi wa vyombo vya faiba,
Malindi.